Land Rover Series III inazima njiani: spea za petroli utazipata wapi, na zipi usizinunue

Swali: Assalaam aleikum fundi. Niko Malindi. Marehemu baba ameniachia Land Rover Series III fupi, ya petroli, ya mwaka 1974. Ilikaa muda mrefu bila kuendeshwa, sasa naitumia kwenda shambani upande wa Gongoni. Ikitembea kama nusu saa inaanza kukatakata, kisha inazima. Nikiiacha dakika kumi inawaka kana kwamba haikuwa na neno. Moshi wake ni mweusi, na ndani kunanuka petroli, hasa upande wa dereva. Fundi mmoja amesema ninunue kabureta, pampu na tangi vyote vipya. Wa pili ataka kunifungia kabureta ya Toyota na pampu ya umeme. Je, spea za gari hili zapatikana wapi siku hizi, na nianze na ipi?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tuanze na harufu. Tangi la Series III fupi liko chini ya kiti cha dereva, na petroli inayonuka hapo inavuja hapo hapo. Usiliendeshe gari mpaka pawe pakavu. Waya wa geji ya mafuta umefungwa juu ya tangi hilo hilo, na cheche moja yatosha. Mengine uliyoyaandika yanaweza kungoja, hilo haliwezi.

Mafundi wako wawili wamepishana dawa, lakini wamekubaliana kwamba vya zamani vitupwe. Mimi sikubaliani nao. Katika mfumo wa petroli wa gari hili vyuma vya kabureta na pampu huishi miaka mingi sana. Vinavyokufa ni vitu laini: raba, diaframu (utando laini unaosukuma petroli ndani ya pampu), gasketi na paipu za mpira. Vitu hivyo bado vinatengenezwa na si ghali. Tangi ndilo chuma kinachooza zaidi, tena kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu linaoza haraka kuliko lingeoza Nairobi. Kwa hiyo swali lako la "wapi" lina majibu tofauti kwa kila kipande, na kwa vipande vingine jibu ni kwamba usitafute kabisa.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha magonjwa. Ulichoeleza ni matatizo matatu: kuvuja, kuzima, na moshi mweusi.

Kuzima baada ya nusu saa na kuwaka tena baada ya kupumzika hufanya watu wakimbilie pampu. Kwa gari lililokaa, mimi ningeanza na mfuniko wa tangi. Petroli inapotoka tangini lazima hewa iingie badala yake, na kwenye gari lako huingilia tundu dogo la mfuniko. Tundu hilo likizibwa na vumbi na kutu, tangi linajenga mvuto wa ndani hadi pampu inashindwa. Siku gari litakapozima, fungua mfuniko na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa, na gari likawaka papo hapo bila kungoja zile dakika kumi, ugonjwa umeupata. Safisha tundu kwa waya mwembamba, au nunua mfuniko mpya ambao una tundu. Mfuniko usio na tundu, hata uwe mzuri namna gani, utakurudisha pale pale.

Ikiwa mfuniko hauna kosa, shuku kutu ndani ya tangi. Magamba ya kutu huvutwa na petroli mpaka yakaziba mdomo wa bomba la kuvutia. Injini ikizima mvuto unakwisha, magamba yanaanguka chini, na gari linawaka kama kawaida. Ndiyo maana kupumzika "kunaliponya". Kulipima ni rahisi: chomoa bomba la petroli upande wa pampu, fungua mfuniko wa tangi, kisha puliza kurudi nyuma kwa pampu ya baiskeli, polepole. Usikie mapovu tangini. Kama baada ya hapo gari linakwenda vizuri kwa muda kisha linarudia tabia yake, tangi ni chafu, na hakuna pampu mpya itakayoliponya.

Kisha ondoa shaka ya umeme, kwa sababu koili au kondensa (vifaa vya kutengeneza cheche za plagi) iliyochoka huzima injini ikipata moto na kuiwasha ikipoa, sawasawa na unavyoeleza. Usianze kurusha cheche kwenye gari linalonuka petroli. Toa bomba la hewa juu ya kabureta, chungulia kooni, na usukume waya wa akselereta kwa mkono huku injini imezimwa. Ukiona petroli inarushwa ndani kwa uzi mwembamba, chemba ya kabureta ina mafuta. Injini ikikataa kuwaka hali kabureta imejaa, acha habari ya petroli, nenda kwenye koili na kondensa.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Hapa kuna mambo mawili ya bure ya kutazama kwanza: kebo ya choki ikiwa imekwama, kile kibati cha hewa cha juu ya kabureta hakifunguki chote, na kisafisha hewa cha gari lako ni cha bakuli la oili, hivyo kikijazwa oili kupita alama au kikiganda matope, hewa haipiti. Tena uliza petroli inanunuliwa wapi. Petroli ya chupa ya barabarani mara nyingi imechanganywa na mafuta taa; uchanganyaji huo ulienea hadi Septemba 2018 serikali ikaongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuukomesha. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo itatoa moshi hata ukiifunga kabureta ya dhahabu.

Tuje kwenye spea zenyewe. Kosa linalogharimu watu zaidi ni kuagiza kabla ya kujua wana nini. Land Rover nyingi za pwani zimebadilishwa injini, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba yako ni ile ya asili ya silinda 4, sentimita za ujazo 2286. Soma namba ya chasisi kwenye kibati chake, ulinganishe na ile iliyogongwa kwenye chasisi mbele kulia, karibu na kishikio cha springi. Namba za wakati ule huishia na herufi, na herufi hiyo usiiache unapoagiza, maana ndiyo inayotofautisha matoleo. Injini hiyo ilitoka kwa mgandamizo wa 7 kwa 1 na wa 8 kwa 1, na jeti za kabureta (vitundu vyembamba vya kupimia petroli) hufuata hilo.

Tazama ubavu wa kabureta usome jina. Series III ilitoka na Zenith 36IV. Solex ikiwepo, ilihamishwa kutoka gari la zamani zaidi. Weber 34ICH ikiwepo, mtu amekwisha kubadilisha, na seti ya ripea (vipande vidogo vya kubadilisha) ya Zenith haitakufaa. Ukiwa huna uhakika, weka kipande juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, kipige picha pande tatu, uzitume kwa WhatsApp kwa muuzaji. Umbali wa matundu mawili ya bolti pima kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jingine. Yakiwa ya ukubwa mmoja, hicho ndicho kipimo cha kati kwa kati, na huhitaji kukisia.

Na bolti. Gari hili ni la inchi. Bolti ya 5/16 na bolti ya M8 zina unene karibu sawa, milimita 7.94 na 8, na hapo ndipo fundi wa magari ya Kijapani anapodanganyika. Meno hayalingani: M8 ya kawaida ina hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, ilhali 5/16 ya meno membamba ina meno 24 kwa inchi, yaani karibu milimita 1.06. Ukiilazimisha kwenye alumini ya kabureta itaingia mizunguko miwili, kisha inakula meno yote. Bolti na nati za kabureta na pampu zihifadhi kwenye mkebe wake kama dhahabu.

Tangi

Hili ndilo la haraka. Tenganisha betri. Toa kiti cha dereva na kile kibati kilicho chini yake, utaona juu ya tangi: kifaa cha geji kilichoshikwa kwa skrubu na gasketi, bomba la kutoa petroli, na pembeni paipu nene ya mpira inayotoka kwenye mdomo wa kujazia pamoja na nyembamba ya kupumulia. Mara nyingi harufu ya ndani ya gari inatoka kwenye hizi paipu mbili zilizopasuka au kwenye gasketi ya geji, na tangi lenyewe ni zima. Ishara yake ni kwamba linanuka zaidi ukilijaza hadi juu au ukipiga kona. Likivuja hata likiwa robo, kutu imetoboa chini au kwenye mshono.

Kulitoa, kwanza lifungulie nati ya chini umwage petroli yote kwenye madebe yenye vifuniko, nje, mbali na jiko na sigara. Lina ujazo wa kama lita 45, basi andaa vyombo vya kutosha. Bolti za kulishikilia kwenye chasisi zipake mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, maana kwa chumvi ya Malindi zitakatika ukizilazimisha. Likitoka, kwangua tope lote la nje. Matope yaliyonaswa kati ya tangi na chasisi hukaa na unyevu mwaka mzima, na tangi huoza kutokea nje kama linavyooza kutokea ndani.

Tangi lililo zima lakini lina kutu ndani lisafishe hivi: tia konzi mbili za nati za kona kali, lita moja ya maji na sabuni ya unga, litikise kila upande, limwage, rudia mpaka maji yasitoke na magamba. Hesabu nati zikitoka. Kisha lijaze siki nyeupe ya dukani, yote, uiache siku moja hadi mbili. Siki itakula kutu iliyobaki. Imwage, suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia ili asidi isiendelee kula chuma, suuza tena kwa maji safi, ulikaushe juani siku hiyo hiyo midomo yote ikiwa wazi, na likiwa kavu lizungushie oili nyepesi ndani. Ukilala bila kulipaka oili, asubuhi utaikuta kutu mpya ya rangi ya chungwa.

Tangi lililotoboka lina njia mbili. Tundu dogo huzibwa kwa risasi ya kulehemu na fundi wa rejeta, na hapo nasema kwa ukali: tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa, kwa sababu kinacholipuka siku zote ni mvuke. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, likae wazi siku kadhaa, na wakati wa kazi lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kiraka, ili pasibaki nafasi ya mvuke. Fundi asiyetaka kulijaza maji, chukua tangi lako uondoke. Na mafundi wa boti watakushauri ulipake fibaglasi. Resini yao ya kawaida hulainika kwa petroli na kubanduka vipande, vipande hivyo vinakwenda kuziba kabureta.

Tangi lililooza mshono mzima libadilishwe. Jipya la mtindo wa zamani linapatikana Uingereza, lakini ni kitu kikubwa chepesi, na usafirishaji hutozwa kwa nafasi kinayokula. Nauli yaweza kukaribia bei ya tangi lenyewe. Kwa hapa pwani ningelichongesha. Mafundi wa kukunja na kulehemu wa Malindi wanatengeneza kazi ngumu kuliko hiyo. Mpelekee la zamani kama kigezo, bati la chuma la unene wa geji 16, na masharti matatu: kuta za ndani za kuzuia petroli kuyumba zirudishwe, bomba la kuvutia likae urefu ule ule juu ya sakafu ya tangi, si kugusa chini, na tundu la nati ya kumwagia liwepo. Mabati ya kuezekea yakatae.

Likiisha, lijaribu kwa maji, si kwa kompresa. Ubavu wa inchi 20 kwa 20 una inchi za mraba 400. Upepo wa paundi 2 tu kwa kila inchi ya mraba unausukuma kwa paundi 800, karibu kilo 360. Tangi litavimba kama andazi na mishono mipya itafunguka.

Paipu, klipu na filta

Hapa ndugu yangu una bahati ya kuwa pwani. Paipu bora ya petroli katika mji wako pengine haiko duka la spea za magari, iko kwa wauza mashini za boti. Hata Lamu, ambako gari halina kazi, utaipata, kwa sababu wavuvi hawawezi kucheza na paipu inayooza. Tafuta iliyoandikwa ubavuni SAE J30 R9, hiyo inavumilia petroli ya sasa na joto. R6 au R7 inafaa kwa muda mfupi zaidi. Paipu isiyo na maandishi yoyote usiiamini, hata muuzaji akiapa. Bomba la chuma la inchi 5/16 huvaa paipu ya milimita 8 vizuri. Klipu za chuma kisichoshika kutu utazipata duka lile lile. Lakini ule mpira wa kuminya wa mashini ya boti, mafundi wengine huufunga ndani ya bonneti kama msaada wa pampu. Haukuundwa kwa joto la karibu na manifodi (mabomba ya injini ya kuingiza hewa na kutoa moshi), uache baharini.

Bomba refu la chuma kutoka tangini likiwa limeliwa, badala yake usiweke shaba tupu. Shaba hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Kuna bomba la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lile lile la breki, halishiki kutu na hukunjika kwa mkono. Hilo mafundi wa breki wa Mombasa wanalo.

Filta iweke kati ya tangi na pampu, ya plastiki angavu uone takataka. Ile ndogo ya bodaboda ina midomo ya milimita 6 na hujaa haraka. Chukua ya gari. Baada ya kuosha tangi, nunua filta tatu kwa pamoja, maana mbili za kwanza zitajaa mapema.

Pampu

Pampu ya asili ni ya AC, inaendeshwa na mkono unaoguswa na kamshafti (fito la injini linalofungua vali), imeshikwa kwa bolti mbili ubavuni mwa injini. Kuna iliyo na kikombe cha kioo chini na kuna iliyofungwa moja kwa moja. Yenye kikombe usiitupe: inafunguka, ina seti ya ripea yenye diaframu, vali na gasketi, na mtu makini aimaliza kwa saa moja. Kwanza kagua kikombe chenyewe. Gasketi yake ikikauka, pampu inavuta hewa badala ya petroli, na ndiyo pampu nyingi "mbovu".

Kuipima, chomoa paipu kwenye kabureta, iingize ndani ya chupa, chomoa waya mwembamba unaoleta umeme kwenye koili ili injini isiwake wala kurusha cheche, mtu azungushe starta. Itoe pigo moja la nguvu kwa kila mizunguko miwili ya injini, kwa sababu kamshafti huzunguka nusu ya kasi. Pigo dhaifu lenye mapovu ni hewa inayoingia upande wa kuvuta. Pigo dhaifu lisilo na mapovu ni diaframu au vali.

Jambo moja usilipuuze: chomoa kijiti cha oili unuse. Diaframu ikipasuka petroli huteremkia kwenye oili ya injini, kiwango kinapanda badala ya kushuka, na beringi zinaliwa. Ukiikuta hali hiyo, badilisha oili na filta siku ile ile utakayotengeneza pampu.

Pampu za AC za ukoo huo zilifungwa pia kwenye Bedford na Vauxhall, kwa hiyo kwenye maduka ya zamani yenye makasha yaliyojaa vumbi unaweza kuipata diaframu inayoingia. Mkono wa pampu ya gari jingine usiukubali bila kuulinganisha na wako, umbo na urefu. Mkono mrefu hugonga kamshafti.

Kabureta

Zenith 36IV ina kosa moja maarufu, na linafanana sana na lako. Mfuniko wake wa juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na raba ndogo ya duara inayoziba njia ya petroli kati ya mwili wa juu na kile kipande cha ndani chenye jeti hukauka. Petroli inapita pembeni ya jeti, injini inakunywa bila mpango. Kuthibitisha: injini ikiwa imepata moto na inanguruma polepole, kaza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi mwisho, bila kuibana. Injini isiyo na kosa itazima. Ikiendelea kunguruma, inapata petroli kwa mlango mwingine.

Dawa yake: seti ya ripea, yenye raba hiyo ndani yake; hakikisha imo, kwa maana seti nyingine za bei ya chini huja bila. Nyoosha uso wa mfuniko na wa kipande cha ndani juu ya kioo kinene cha dirisha kilichobandikwa msasa wa maji wa namba 400, kwa mwendo wa nane, shinikizo la vidole tu, mpaka uso wote ung'ae sawa. Osha kila tundu kwa petroli safi na upepo; waya usiingize kwenye jeti. Kagua sindano ya boya, ile inayofunga petroli chemba ikijaa: ikiwa ina pete iliyochimbika kwenye ncha, ibadilishe pamoja na kikalio chake. Boya litikise karibu na sikio. Likisikika maji maji ndani, limetoboka, linazama, na kabureta inafurika.

Mwisho shika ekseli ya kibati cha chini cha hewa uitikise juu na chini. Mchezo mdogo huvumilika. Ikigongagonga, hewa inaingia pale na hakuna seti itakayokupa mlio laini. Peleka mwili kwa fundi wa lathi atie bushi za shaba nyeusi. Kazi hiyo Mombasa inafanyika.

Kama mwili umepasuka au alumini imeliwa na chumvi mpaka unga mweupe, hapo ndipo pa kununua nzima. Weber 34ICH mpya ndiyo ningechagua badala ya Zenith ya kuiga. Inawaka vizuri asubuhi na haina habari ya mfuniko kupinda. Juu kwenye kasi inapungukiwa kidogo nguvu, jambo ambalo kwenye njia ya Gongoni hutaliona. Inunue ikiwa imepangwa jeti kwa Land Rover ya 2286, pamoja na kibao chake cha kufungia na kiungo cha akselereta. Weber ile ile iliyopangwa kwa gari jingine itakupa moshi mpya badala ya wa zamani.

Kuhusu kabureta ya Toyota: inawezekana, na wapo wanaotembea nayo. Lakini inahitaji kibao cha kuchonga, kiungo cha kubuni na jeti za kubahatisha, na siku itakaposumbua hakuna fundi mwingine atakayeielewa. Pampu ya umeme ndiyo inayonitia wasiwasi. Kabureta yako inataka shinikizo dogo, la paundi chache tu kwa inchi ya mraba. Pampu za magari ya injekta, ambazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya spea zilizotumika, husukuma paundi 40 na zaidi. Sindano ya boya haiwezi kuzizuia, petroli inamwagikia manifodi ya moto. Ukilazimika kufunga ya umeme, iwe ya shinikizo la chini kama Facet, ifungwe karibu na tangi na chini yake, kwa sababu pampu hizo husukuma vizuri na kuvuta vibaya, na iwe na swichi ya kukata umeme gari likigongwa.

Pa kununua

Malindi: paipu, klipu, filta, kuchongesha tangi. Mombasa, kilomita kama 120: lathi, mabomba ya breki, na maduka ya zamani ya spea za Kiingereza, nenda na kipande chenyewe mkononi, siyo jina lake. Nairobi, Kirinyaga Road na maduka ya Land Rover ya Industrial Area: seti za ripea za Zenith na za pampu, gasketi, mifuniko ya tangi. Mizigo hiyo midogo hufika Malindi kwa vifurushi vya mabasi. Usisahau pia magari yaliyokufa. Land Rover iliyolala nyuma ya karakana au kwa wauza vyuma chakavu inaweza kuwa na kabureta iliyopinda kama yako, lakini ikawa na boya zima, viungo, bolti za inchi na kifaa cha geji. Nunua kabureta mbili mbovu utengeneze moja nzima. Ni njia ya kawaida kabisa.

Uingereza agiza kile tu ambacho Nairobi imeshindwa. Mtaona spea za ngazi tatu: za kasha la Land Rover, za kampuni iliyomtengenezea Land Rover, na za kuiga, zikiwemo za Britpart na Bearmach, zenye bei na ubora unaopishana kipande kwa kipande. Kwa gasketi na mifuniko za kuiga zinatosha. Kwa diaframu na sindano lipa zaidi. Kwenye hesabu ongeza ushuru, VAT ya asilimia 16, na ada za IDF (tamko la uagizaji) na RDL (maendeleo ya reli), ndipo ulinganishe na bei ya Nairobi. Kabureta, pampu au tangi lililokwisha kutumika usiagize kwa ndege: wasafirishaji hukataa kitu chochote kilichowahi kushika petroli na bado kinanuka.

Utaratibu wa kununua uwe huu: wiki ya kwanza paipu za tangi, gasketi ya geji, mfuniko na filta, na kuosha tangi. Endesha hivyo kwanza. Huenda kuzima kukaisha hapo na pampu ikawa haina kosa. Kisha seti ya Zenith. Pampu iguse mwisho, ikiwa chupa imekuambia hivyo. Baada ya kufunga kila kitu, washa gari likiwa limesimama, tochi mkononi, pitisha kidole kavu kwenye kila kiungo kutoka tangini hadi kabureta. Rudia baada ya kilomita 50, maana paipu mpya hulegea kidogo zikipata moto na klipu hutaka robo mzunguko zaidi.